Mihadhara isiyo na alama ina faida kubwa kwa wahandisi wetu watarajiwa

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia masikio ya kusikilizia na akili ya kupambanua tunayoyasikia.

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na wazazi na walezi wenye vijana wanaosomea uhandisi katika vyuo vikuu. Tukitaja mhadhara, baadhi yetu fikra huenda moja kwa moja kwenye ile ya dini inayofanyika viwanjani. Hapa tunakusudia mihadhara ya vyuoni, ambapo mhandisi aliyeko kazini au mtafiti hualikwa kueleza kazi yake kwa saa moja au mbili, aghalabu jioni baada ya vipindi. Hakuna mtihani unaotungwa humo wala alama zinazotolewa. Ndiyo maana mara nyingi mgeni huzungumza na viti vitupu.

Lawama si ya vijana peke yao. Majumbani mwetu mwanafunzi akisema kuwa atachelewa kwa sababu ya mhadhara, huulizwa: "Hilo lipo katika mtihani?" Akijibu kuwa halipo, huamriwa arudi nyumbani. Wazazi wana sababu zao, nasi hatuzidharau. Ada ni nzito, nauli ni ya kuungaunga, na daladala za usiku hazina uhakika. Hata hivyo, twaona kuwa kipimo hicho cha alama kina kasoro, tena sisi Waislamu ndio tuliopaswa kuiona mapema.

Tunasema hivyo kwa sababu tumelelewa katika darsa. Baada ya swala ya Magharibi sheikh huketi, watu wakamzunguka, mzee na kijana, mwenye duka na mchukuzi. Hapana cheti kinachotolewa, na wala hatujapata kumsikia mtu akiuliza darsa ile ina alama ngapi. Tunaketi kwa kuwa twajua kwamba ipo elimu ambayo haipatikani ila kwa kumsikiliza aliyeishi nayo. Iweje basi tuikubali kanuni hiyo msikitini, kisha tuikatae chuoni?

Tutoe mfano wa Michael Faraday, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu mjini London. Jioni alikwenda kusikiliza mihadhara ya sayansi ambayo kiingilio chake kilikuwa shilingi moja, na aliyemlipia ni kaka yake. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alilofanyia kazi alimpa tiketi za mihadhara ya mkemia mashuhuri Humphry Davy. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wake. Mwaka 1831 akagundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme. Juu ya msingi huo ndipo inapofanya kazi mitambo tisa ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, yenye uwezo wa kufua megawati 2,115. Wazazi wazingatie ile shilingi ya kaka: familia ililipia jambo lisilokuwa na cheti.

Mfano wa pili ni wa Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka mwaka 1929, aliyekwenda Marekani mwaka 1952 kuendeleza masomo ya uhandisi. Mahujaji wetu waliopitia kituo cha Hajj katika uwanja wa ndege wa Jeddah, chini ya yale mapaa meupe mfano wa mahema, wamepumzika katika kivuli cha kazi yake. Mtu huyu, pamoja na shughuli zake nyingi, alitenga muda wa kukaa na wanafunzi katika chuo kimoja cha Chicago. Wazo la kuimarisha jengo refu kwa mihimili ya mshazari lilichunguzwa katika tasnifu ya mwanafunzi wa chuo hicho, kabla ya kuonekana katika jengo la John Hancock lenye ghorofa 100. Tujiulize: lau wanafunzi wale wangekuwa wamekwenda zao, mhandisi yule angekaa na nani?

Kitabu cha darasani humpa mwanafunzi swali ambalo vipimo vyake vyote vimekwisha tajwa. Kazini hali si hiyo. Udongo haukuandikiwa nguvu zake, mchanga huja na chumvi, na mwenye jengo hutaka kuongeza ghorofa baada ya msingi kumwagwa. Mambo haya husimuliwa na aliyekutana nayo. Hatujasahau Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, jirani na msikiti, lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Hatudai kwamba mhadhara mmoja ungelizuia. Tunachosema ni kwamba kosa la mhandisi huzikwa pamoja na watu, na kwa hiyo yatupasa kumtakia kila nafasi ya kujifunza kwa makosa ya wenzake kabla hajafanya yake.

Kuhusu mabinti, wengi huzuiwa kwa hofu ya kuchelewa. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake si kumfungia mlango. Kaka au baba ampokee kituoni, au warudi kwa kundi. Tukimnyima hayo, tutakuwa tumemlipia ada nzima tukamnunulia nusu ya elimu.

Nanyi vijana, msihudhurie kwa ajili ya chai na vitafunwa. Someni kidogo juu ya mada kabla ya siku yenyewe, ketini mbele, andikeni mambo matatu ya kukumbuka, na ulizeni swali moja kwa adabu. Kiingereza kisiwe kizuizi. Swali fupi lenye maana hueleweka hata likiwa na kasoro ya sarufi.

Kwa wakuu wa vyuo tuna ombi dogo. Mhadhara usipangwe mchana wa Ijumaa, wala usiunganishwe hadi Magharibi ikapita. Mwanafunzi asilazimike kuchagua baina ya swala na elimu, ilhali dakika 20 za mapumziko zatosha kwa vyote viwili.

Basi wiki ijayo kijana wako akikuaga kwamba anakwenda kusikiliza mhadhara, usimuulize una alama ngapi. Mpe nauli, na akirudi mwambie akusimulie aliyoyasikia.

Wabillahi tawfiq.