Fundi wa Zeze Hana Jina?

Jamani, tuseme ukweli. Muulize mpenzi yeyote wa sanaa ni nani aliyetengeneza fidla bora duniani, atakujibu bila kukuna kichwa: Antonio Stradivari wa Cremona, Italia. Mtu amekufa mwaka 1737, jina bado liko midomoni. Mwaka 2012 UNESCO wakauingiza ufundi wa fidla wa mji huo kwenye orodha yao ya urithi. Wanastahili. Kuchonga ubao wa fidla au selo hadi uitike unapougonga si mchezo.

Sasa muulize huyohuyo: zeze la Wagogo je, fundi wake nani? Utasikia, "wazee wa zamani." Wazee gani hao wasio na majina?

Mimi ni wa Janga, Kibaha. Kutoka kwetu hadi Bagamoyo, alikofundisha Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, si safari ya kulala njiani. Tumeisifu sauti yake weee, lakini kibuyu alichokipiga tunakipita kama chombo cha jikoni. Hivi hicho si ufundi? Kibuyu kinachaguliwa, kinakaushwa, kinakatwa, kinawambwa ngozi mbichi ili ikikauka ikaze. Ngozi ikilegea, sauti inakufa. Uta unapakwa ulimbo, kama vile wa fidla.

Wapo watakaosema zeze ni mali ya jamii, halina mwenyewe. Hoja nyepesi. Nyimbo zinaweza kuwa za jamii, ila kibuyu hiki hapa kimekatwa na mikono ya mtu mmoja, mwenye jina na kijiji. Stradivari anajulikana kwa kuwa alibandika karatasi yenye jina na mwaka ndani ya fidla zake, na wengine wakaendelea kuandika habari zake.

Siilaumu serikali leo. Nawalaumu waandishi, nikianza na mimi. Miaka kadhaa nyuma nilikaa nusu siku na fundi wa zeze, nikanywa chai yake, kisha gazetini nikamwita "fundi mmoja wa kienyeji." Nimeutafuta ule daftari, sikuupata. Jina lake limepotea mikononi mwangu, mtu niliyesomea kazi ya kuandika majina.

Basi, ukiandika tena kuhusu zeze, uliza limetengenezwa na nani, wapi, mwaka gani. Akikubali, andika. Ndani ya kibuyu pia karatasi inaenea.