Mwendesha mashtaka asiyepigiwa kura anawajibika kwa nani?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MKAZI wa kata ya Chang'ombe jijini hapa humchagua mwenyekiti wa mtaa wake, diwani wake, mbunge wake na Rais wa nchi yake. Ndugu yake akikamatwa na polisi, mwenyekiti huyo wa mtaa ndiye anayemwandikia mdhamini barua ya utambulisho ya kupeleka kituoni au mahakamani.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye uamuzi wake una uzito mkubwa kuliko barua hiyo, na ambaye mkazi huyo hajawahi kuulizwa kama anamtaka au hamtaki. Huyo ni mwendesha mashtaka wa Serikali. Ndiye anayeamua kama ndugu huyo ashtakiwe au aachwe, ashtakiwe kwa kosa lenye dhamana au lisilo na dhamana, na kama kesi iendelee au ifutwe.

Swali la nani anamsimamia mtu huyo lilijitokeza upya hapa Dodoma tarehe 14 Novemba 2025, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge la 13. Katika hotuba hiyo aliitaka Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, maarufu kama DPP, kuangalia kiwango cha makosa ya vijana waliokamatwa kufuatia vurugu za Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, na kuwasamehe wale waliofuata mkumbo.

Itakumbukwa kwamba mamia ya watu walikuwa wamekwisha kufikishwa mahakamani katika mikoa mbalimbali, wengi wao kwa shtaka la uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo na ambalo halina dhamana. Katika wiki zilizofuata hotuba hiyo, mashtaka dhidi ya wengi wao yaliondolewa.

Familia zilizopokea watoto wao zilifurahi, na hakuna mwenye moyo wa kibinadamu anayeweza kuwalaumu. Hata hivyo, furaha hiyo haiwezi kuzima swali la msingi: kama ushahidi wa uhaini ulikuwapo, ulikwenda wapi? Na kama haukuwapo, nani aliamua kwamba vijana hao washtakiwe kwa kosa la kunyongwa?

Katiba inasemaje

Ofisi ya DPP ilipewa nafasi yake ndani ya Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 2005, kupitia ibara ya 59B. Ibara hiyo inasema DPP atateuliwa na Rais, awe na sifa za uanasheria kwa muda usiopungua miaka kumi, na katika kutekeleza madaraka yake awe huru, asiingiliwe na mtu yeyote wala mamlaka yoyote. Inamtaka pia azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma.

Maneno hayo ni mazuri. Tatizo ni kwamba Katiba haikusema ni nani atakayemuuliza DPP kama ameyazingatia. Bunge halina nafasi katika uteuzi wake, na mwananchi hana kura.

Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka, iliyolenga kutenganisha kazi ya upelelezi na ile ya kuendesha mashtaka. Kabla ya hapo ilikuwa jambo la kawaida katika mahakama za wilaya kumkuta ofisa wa polisi akisimama kuendesha kesi ambayo wenzake wa kituo kilekile ndio walioipeleleza. Februari 2018 hatua nyingine ilichukuliwa, pale majukumu yaliyokuwa chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali yalipogawanywa na kuundwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali.

Hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, na yanastahili kupongezwa. Lakini yalimwondoa polisi katika meza ya mashtaka bila kujibu swali la uwajibikaji wa yule aliyechukua nafasi yake.

Gharama ya uamuzi wa mtu mmoja

Wapo wanaodhani kwamba huu ni mjadala wa wanasheria peke yao. Mifano ya miaka ya karibuni inaonyesha vinginevyo.

Mfanyabiashara James Rugemalira alifikishwa mahakamani Juni 2017 kwa mashtaka ya uhujumu uchumi yakiwamo ya utakatishaji fedha, ambayo hayakuwa na dhamana. Alikaa mahabusu zaidi ya miaka minne. Septemba 2021 DPP alimfutia mashtaka, na kesi yake haikuwahi kusikilizwa hadi mwisho.

Masheikh wa kundi la Uamsho kutoka Zanzibar walikaa rumande kwa miaka mingi zaidi wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi, hadi yalipofutwa Juni 2021. Mwenyekiti wa CHADEMA wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Julai 2021 na kushtakiwa kwa ugaidi. Machi 4, 2022 upande wa mashtaka uliieleza mahakama kwamba hauna nia ya kuendelea, na jioni ya siku hiyo hiyo Mbowe alikutana na Rais Ikulu.

Katika matukio yote hayo sheria haikumlazimisha DPP kueleza sababu, wala hakuhitaji ruhusa ya mahakama ili kufuta kesi. Tena, anayeachiwa kwa utaratibu huo hajatangazwa kuwa hana hatia. Anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa mambo yale yale.

Upande wa pili wa sarafu ni makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ulioingizwa katika sheria mwaka 2019. Septemba mwaka huo Rais wa wakati huo, Dk. John Magufuli, alitoa nafasi kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi kuomba radhi na kurejesha fedha. DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, alimkabidhi taarifa kwamba watuhumiwa 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107.

Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019 na kushtakiwa pamoja na mambo mengine kwa utakatishaji fedha, aliachiwa Februari 2020 baada ya kufikia makubaliano na upande wa mashtaka na kuamriwa kulipa mamilioni ya shilingi. Mtu asiye na dhamana, aliyekaa mahabusu miezi saba, akiambiwa alipe aende nyumbani au aendelee kusubiri upelelezi usio na mwisho, ana uhuru kiasi gani wa kuchagua?

Rais Samia mwenyewe, alipozindua Januari 2023 tume ya kuangalia mfumo wa haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, alihoji hadharani zilipo baadhi ya fedha zilizotokana na makubaliano hayo.

Mahakama nazo hazikukaa kimya. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi uliobatilisha mamlaka ya DPP ya kuzuia dhamana kwa hati yake mwenyewe. Lakini Agosti 2020 mahakama hiyo hiyo ilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu uliokuwa umebatilisha orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Matokeo yake ni kwamba DPP hahitaji tena hati. Inatosha achague shtaka lililomo katika orodha.

Je, dawa ni kura?

Zipo nchi zilizoamua kwamba mwenye madaraka ya namna hiyo apigiwe kura. Nchini Marekani, jimbo la Mississippi lilianza utaratibu huo mwaka 1832, na leo majimbo mengi huwachagua waendesha mashtaka wa wilaya zao, kwa kawaida kila baada ya miaka minne. Yapo machache kama New Jersey, Connecticut na Alaska ambako huteuliwa.

Huko, wakili wa kawaida mwenye ofisi mtaani anaweza kuchapisha mabango, kupita nyumba kwa nyumba na kuwaeleza majirani zake ni makosa gani atayapa kipaumbele. Kamala Harris, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais, alianzia hapo: mwaka 2003 alichaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa San Francisco. Mji huo huo, Juni 2022, ulipiga kura ya kumwondoa mwendesha mashtaka mwingine, Chesa Boudin, kabla ya muda wake kumalizika, kwa sababu wapiga kura wengi hawakuridhika na namna alivyokuwa akishughulikia uhalifu.

Ni utaratibu unaovutia. Wakili wa Dodoma hana mlango huo. Akitaka kuwa mwendesha mashtaka huomba ajira ya Serikali kama watumishi wengine. Kura pekee inayowahusu mawakili kama mawakili ni ile ya chama chao cha TLS. Uchaguzi wa Agosti 2024 uliofanyika hapa Dodoma uliwapa urais wa chama hicho Boniface Mwabukusi, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshikiliwa na polisi wakati wa mjadala mkali wa mkataba wa bandari, kisha akaachiwa kwa dhamana. Mawakili walionyesha kwamba wanajua kumchagua mtu wanayedhani hataogopa. Lakini rais wa TLS hana mamlaka ya kufungua wala kufuta kesi ya jinai.

Pamoja na mvuto huo, mwandishi wa makala haya haamini kwamba kura ndiyo dawa kwa Chang'ombe, na sababu ziko mbili.

Kwanza, kura humpa haki mwenye wengi. Mtuhumiwa mara nyingi ni mtu asiye na watu: mgeni, maskini, au anayechukiwa mtaani. Mwendesha mashtaka anayetafuta kura atavutwa kufunga wengi ili aonekane mkali.

Pili, kwa sheria zetu mgombea wa nafasi ya kisiasa ni lazima adhaminiwe na chama. Mahakama ya Rufani ilikataa hoja ya mgombea binafsi mwaka 2010, na ijapokuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki, sharti hilo liliendelea kutumika. Mwendesha mashtaka akipitia mlango huo atalazimika kuvaa sare ya chama kabla hajavaa joho. Na baada ya uchaguzi wa 2025, ambao CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikushiriki huku mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini tangu Aprili mwaka huo, ni vigumu kuona namna sanduku la kura lingeongeza imani ya wananchi katika mashtaka.

Somo la jirani

Kenya ilichagua njia ya kati. Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 157, inampa Rais uwezo wa kumteua DPP lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa. Muda wake ni miaka minane, na hateuliwi tena. Muhimu zaidi, hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama.

Hatusemi kwamba Wakenya wamefika. Novemba 2022, miezi michache baada ya uchaguzi wao, mahakama ya Nairobi iliruhusu kuondolewa kwa kesi ya rushwa ya shilingi za Kenya bilioni 7.4 iliyokuwa ikimkabili Rigathi Gachagua, aliyekuwa ameapishwa kuwa Naibu Rais, na wananchi wengi walinung'unika. Lakini ombi lilitolewa hadharani, sababu zikasomwa, na hakimu akaandika uamuzi. Mwananchi aliyenung'unika alijua ananung'unikia nini.

Kwetu hapa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yamekataza kumfikisha mtu mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni hatua njema, ila inaacha nje makosa yale yale yasiyo na dhamana ambayo ndiyo chanzo cha kilio.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri mchakato wa Katiba Mpya, uliokwama tangu Bunge Maalumu lipitishe Katiba Inayopendekezwa hapa Dodoma Oktoba 2014. Sheria iseme kwamba DPP anapofuta kesi atoe sababu kwa maandishi na mahakama iridhie. Iweke ukomo wa muda wa mtu kukaa mahabusu akisubiri upelelezi, hata kwa makosa makubwa. Na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ipeleke bungeni kila mwaka idadi ya kesi ilizofungua, ilizoshinda, ilizoshindwa na ilizofuta, mkoa kwa mkoa.

Bunge liko hapa hapa Dodoma, na wizara inayohusika na sheria iko Mtumba. Makao makuu mapya ya Mahakama yalizinduliwa jijini hapa Aprili 2025. Haki sasa ina majengo makubwa karibu na mkazi wa Chang'ombe kuliko wakati wowote katika historia ya mji huu.

Kilichobaki ni kwamba mama anayepanga foleni katika lango la Gereza la Isanga akiwa na chakula cha mwanawe aweze kuambiwa, kwa maandishi, kwa nini mwanawe yumo ndani. Na siku atakapoachiwa, aambiwe kwa nini aliwekwa humo, badala ya kutakiwa kushukuru kwamba amesamehewa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha.