Ugonjwa Adimu Si Anasa: Tone la Damu kwa Mtoto wa Pemba

Mtoto huzaliwa salama, akalia, akanyonya. Siku ya tatu hulegea, akakataa ziwa, akatapika, akahema kwa kasi. Hospitalini hutibiwa maambukizi ya damu, na baada ya siku chache hufariki. Familia husema ni kudra; faili husema ni maambukizi. Mara nyingi faili husema kweli. Lakini mara nyingine mwili wa mtoto huyo ulikosa kimeng'enya kimoja tu, na maziwa aliyonyonya yakawa sumu ndani yake.

Haya ndiyo magonjwa ya kurithi ya umetaboli, yaani yanayovuruga namna mwili unavyokitumia chakula. Kila moja ni adimu, lakini haba na haba hujaza kibaba: ni mamia. Mengi hutokea pale baba na mama, wote wazima, wanapobeba jeni moja yenye hitilafu. Kila mimba huwa na uwezekano wa mmoja katika wanne wa kupata mtoto mgonjwa. Ndoa za ndugu huongeza uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba jeni hiyo. Jambo hili lielezwe bila kumwaibisha mtu, kwani mama aliyezika watoto wawili hakurogwa wala hakukosea.

Wako wanaouliza: kisiwa chenye mzigo wa upungufu wa damu na vifo vya wazazi kina nafasi gani kwa magonjwa adimu? Swali ni la haki. Dawa za baadhi ya magonjwa haya ni ghali mno. Lakini si zote. Upungufu wa kimeng'enya cha biotinidesi hutibiwa kwa vitamini ya biotini. Mtoto asiyeweza kuyeyusha mafuta ya mwilini anapokuwa na njaa huokolewa kwa kutokaa muda mrefu bila chakula. Kwake Ramadhani huja na ruhusa ambayo familia haiwezi kuitumia isipojua ugonjwa wake. Kinachokosekana kwanza, basi, ni utambuzi.

Utambuzi huo hauanzi patupu. Wahudumu wa Tanzania wamekwisha kuzoea kutoboa kisigino cha mtoto mchanga na kukausha matone ya damu kwenye karatasi ili kupima VVU. Karatasi za namna hiyo ndizo Robert Guthrie wa Marekani alizozitumia miaka ya 1960 kugundua ugonjwa wa umetaboli kwa watoto wachanga. Chake Chake, Wete, Micheweni na Mkoani kuna hospitali; Wawi kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanza kazi mwaka 2000. Panapokosekana mashine, karatasi ya damu kavu huvuka bahari kwa wepesi kuliko mtoto mahututi.

Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa adimu kipaumbele. Kwa Pemba, azimio hilo litapimwa wodini: kila mchanga anayelegea bila sababu apimwe sukari mara moja, matone ya damu yake yahifadhiwe, hata kama matumaini ni madogo, na kila mjamzito aliyewahi kufiwa na mtoto mchanga aulizwe habari zake kwa upole, nazo ziandikwe. Tone hilo huenda lisimwokoe mtoto wa leo. Litampa mama yake jibu, na mdogo wake atakayezaliwa litampa nafasi.