Mwendo wa Kutwa Ufuoni Bagamoyo



Limezuka neno katika mikutano yetu hapa Kambarage, nalo ni kwamba baadhi yetu watakaopata livu mwezi wa Agosti wanuia kwenda Bagamoyo, wakatembee kwa miguu ufuoni toka mjini hata Kaole na Mbegani, na kurejea siku ile ile. Neno hili ni jema, tena nami nimo katika orodha. Lakini halmashauri imechagua siku kwa kutazama kalenda ya ofisi peke yake, yaani Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, na hapo ndipo ninapopinga. Husemwa, pwani ni tambarare, haina mlima, basi mpango wa nini?

Siku ya kutembea ufuoni yapasa ichaguliwe kwa mwezi wa mbinguni. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na siku mbili tatu za baadaye, maji hujaa yapata saa kumi ya alfajiri na saa kumi ya jioni, na kupwa kabisa yapata saa nne ya asubuhi. Basi mtu aondokaye saa kumi na mbili asubuhi huona bahari yamkimbia, naye hukanyaga mchanga mgumu uliolowa, kama sakafu. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne maji yako juu, na msafiri hana budi kupita mchanga laini umezao mguu. Karani aliyekaa kitini miezi kumi na moja ataujua utambarare huo kwa magoti yake.

Tena Kaole ina mikoko mbele yake, na penye mikoko pana tope. Hapo huachwa bahari na kushikwa njia ya bara, hata kufika penye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo. Marejeo yawe kwa njia hiyo ya vijijini, jua likisha kupungua, maana saa kumi ya jioni ufuo umekwisha kumezwa.

Wako wasemao, sisi tumezoea jua. Kweli, lakini Shinyanga i juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na hewa yake wakati wa kiangazi ni kavu. Jasho hukauka na mwili hupoa. Pwani jasho hutiririka tu, na mwili haupoi. Kila mtu achukue maji ya kunywa si chini ya lita tatu, wala asitumaini madafu ya njiani.

Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi hawakuudharau mwendo. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, walikwenda pwani kwa miguu, mzigo kadiri ya frasila mbili begani, na Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia. Waliondoka mapema, wakatua kambi kabla jua halijawa kali, na kambi ilifuata maji. Mbele alitangulia kirangozi.

Nasi tuwe na kirangozi, na nyuma yake wafuate wazee wetu waliokaribia kustaafu, vijana wawe mwisho. Vijana wakitangulia, mzee mmoja atabaki peke yake ufuoni saa sita, chupa tupu mkononi, naye kwa haya hataita mtu.

Naiomba halmashauri iache Jumamosi ile na kutafuta iliyo karibu na bamvua. Hairudi mbali, kila siku 15 hivi yaja. Mwandishi wa chama anayo majina. Aongeze safu moja tu katika orodha: nani ana viatu vilivyokwisha kuzoea mguu.