Kipunji Aligunduliwa na Nani?

Tumewasikia wanafunzi wetu wakisoma kwamba mwaka 2005 wanasayansi walimgundua kipunji, kima wa milima ya kusini mwa Tanzania, ambaye kabla ya hapo hakujulikana. Tukawauliza: hakujulikana na nani? Na jina hilo alipewa na nani?

Jina ni la Wanyakyusa. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisimuliwa na wawindaji habari za kima mwenye kujificha, akaaye juu ya miti. Kwa kuwa wenyeji wanazo pia hadithi za viumbe wasioonekana, watafiti hawakujua mara moja kama habari hiyo ni ya mnyama au ya ngano. Hatuwalaumu kwa kusita. Sisi tuliosomeshwa elimu ya riwaya twafahamu kuwa habari hupimwa kwanza, ndipo ikapokewa. Wakafuatilia hata wakamwona bayana mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 2004 watafiti wengine, wasio na habari za wenzao, wakamwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, kiasi cha kilomita 350 kutoka Rungwe. Njia mbili zisizotegemeana zikileta habari moja, ushahidi huwa mzito.

Kilichotushangaza zaidi ni kwamba walipomtangaza hawakuwa na mzoga wala ngozi. Kielelezo chao kilikuwa picha, kwani hawakutaka kumuua mnyama ambaye yumkini wamebakia wachache. Wako wataalamu waliopinga wakisema picha haitoshi. Kisha kipunji mmoja akafa katika mtego wa mkulima, na vinasaba vyake vikaonesha kuwa hakuwa wa jenasi waliyomweka awali, bali yu karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mtego ukamaliza ubishi ambao picha haikuumaliza!

Ndugu msomaji, kazi hiyo tunaiheshimu. Tunalolikataa ni neno "hakujulikana" kuachwa bila ya mpaka. Mwindaji ndiye mpokezi wa kwanza wa habari hii, na kumwondoa yeye ni kukata isnadi. Tena kuna madhara. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu, katika misitu iliyokatwa mno kwa mbao na mkaa. Wa kwanza kutambua kwamba wamepungua ni yule akaaye pembezoni mwa msitu. Akitajwa kwa mtego wake tu, na ujuzi wake usitajwe, kwa nini ahisi kwamba mnyama huyo anamhusu?

Wanafunzi tumewaamuru waifute sentensi ile na waandike kwamba kipunji, waliyemjua Wanyakyusa, alithibitishwa kisayansi mwaka 2005. Mmoja akauliza iwapo mkulima wa mtego naye aandikwe. Tukamjibu, naam, naye aandikwe.