Ba'mkubwa kanunua boti, bima kaniachia mie!

Wiki hii sina habari za mapenzi, wala za wapangaji wanaohama usiku kukwepa kodi. Nina kimbembe cha ukoo: baba mkubwa kanunua boti.

Ndiyo, boti! Hapa hapa Dodoma, ambako mvua tunaisubiri kama mshahara na maji ya bomba yana zamu. Alipostaafu na kupokea mafao yake, sote tulijua atajenga vyumba vya kupangisha kama wastaafu wenzake. Wapi! Siku moja Fuso likaingia pale Ipagala na boti ya fiba ya futi 18 mgongoni, pamoja na injini ya Yamaha ya nguvu za farasi 40. Ikashushwa kando ya mizabibu. Watoto wa mtaa mzima wakaja kushangaa. Jirani mmoja akauliza kwa upole, "Mzee, kwani kuna gharika inakuja?"

Ba'mkubwa hakujali maneno. Boti ni ya kwenda kupunga upepo Mtera siku za mapumziko, yeye, mama mkubwa na wajukuu. Kwa asiyepajua, Mtera ni lile bwawa kubwa la umeme linalopokea maji ya Ruaha Mkuu na mto Kizigo. Ukishika barabara ya Iringa, unapita Mlowa Barabarani, Fufu, Chipogolo, halafu unaliona hilo mpakani mwa mikoa miwili. Perege wa pale ni watamu, lakini viboko na mamba nao wapo. Upepo nao ukiamka mchana, maji yanainuka kama bahari. Siyo dimbwi la kuogelea lile.

Basi bwana, jioni moja akaniita. "Mwanangu, wewe una kidato cha nne na unaandika gazetini. Nenda katafute bima ya hiyo boti. Enzi zetu hapakuwa na kuchagua."

Hakudanganya. Huku Bara, baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, bima ilikuwa Shirika la Bima la Taifa, NIC, basi. Hukuulizwa unataka ipi. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi. Siku hizi zimejaa mjini, na kila moja inakwambia yenyewe ndiyo mkombozi wako.

Ofisi ya kwanza nilipokelewa na kaka mmoja kavaa tai nyekundu. Hakuniuliza boti inakwenda wapi wala itabeba nani. Akabofya kompyuta, akasema laki moja na arobaini kwa mwaka, stika nachukua hapo hapo. Nikafurahi, nikajiona mjanja! Nilipoomba kusoma masharti ndipo nikagundua ni thadi pati. Yaani boti yetu ikigonga mtumbwi wa mvuvi, mvuvi analipwa. Yetu ikizama, tunabaki kuiombolezea. Nikaaga kwa adabu.

Ya pili nikaenda kwa broka. Hapa msomaji wangu shika kitu: wakala anauza kwa niaba ya kampuni, broka anamtumikia mteja na anaweza kukutafutia kampuni zaidi ya moja. Huyu alikuwa mama wa makamo, miwani puani, hana haraka. Maswali aliyoniuliza yalinitoa jasho. Ngoja niwape kwa ufupi, yatakusaidia hata kama huna boti.

Swali la kwanza, ina thamani gani hasa? Ba'mkubwa alishaniambia nitaje nusu ili ada ishuke. Boti na injini ni milioni 14, yeye kasema niandike saba. Yule mama akachukua karatasi akanipigia hesabu. Ukikatia bima nusu ya thamani, nawe unahesabiwa umebeba nusu nyingine mwenyewe. Ukigonga mwamba na matengenezo yakawa milioni nne, utalipwa mbili. Hapo hapo wanatoa eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo mteja anajibebea kila ajali. Ikiwa eksesi ni laki tano, unaondoka na milioni moja na nusu. Duh! Ujanja wetu ukayeyuka pale pale.

La pili, itatembea maji gani? Mkataba unataja mipaka. Ukiandika Mtera halafu siku moja ukaipeleka Ziwa Nyasa bila kuwaambia, uko peke yako. Na uliza njiani pia, maana boti ya Dodoma inakaa juu ya trela barabarani kuliko majini!

La tatu, injini. Nilidhani ukishakata bima kubwa kila kitu kimo. Kumbe kuna masharti ya boti za starehe yaliyotungwa London mwaka 1985, na kampuni nyingi duniani zimekuwa zikiyafuata. Humo, injini ya kufunga nje ikichomoka yenyewe na kudondoka majini hailipwi. Wizi wake nao unataka iwe imefungwa kwa kifaa cha kuzuia wizi. Uchakavu haulipwi kabisa. Kwa hiyo ukurasa wa kusoma kwanza ni ule wa wasiyolipa. Ule wa wanayolipa ndiyo wenye picha nzuri.

La nne ndilo lililoleta kasheshe: je, boti itabeba watu wa kulipia?

Nikasema hapana. Yule mama akanitazama juu ya miwani. "Kaulize nyumbani kwanza, kisha unijibu."

Jioni tukakaa jamvini chini ya mwarobaini, fomu ikiwa mapajani mwangu. Nilipolisoma swali hilo, mdogo wangu, kitindamimba wa ba'mkubwa, akadakia, "Andika hapana, braza. Kule majini nani ataona?" Kumbe dogo kishapanga mipango yake! Kishawaambia washikaji wa kijiweni kwamba Sikukuu ya Krismasi ni elfu tano kwa kichwa, watu kumi kwa mzunguko. Boti yenyewe ni ya watu sita. Wengine walishampa mshiko wa utangulizi, na mshiko umeshaliwa.

Nikamwangalia ba'mkubwa. Ba'mkubwa akaangalia mizabibu yake. Nikajua wazo limemwingia. Elfu tano mara kumi, mara mizunguko sita, nani asiyejua kuzidisha?

Mama mkubwa alikuwa anachambua mlenda. Akaweka ungo chini.

"Mmesahau Hiace?"

Kimya. Watoto wa juzi hawaijui hadithi hiyo, mie naijua. Miaka ya nyuma ba'mkubwa alikuwa na Hiace, kaikatia bima ya gari la nyumbani kwa sababu ni nafuu, halafu akalipeleka kubeba abiria njia ya Kondoa. Likapinduka. Hakufa mtu, lakini watu watatu walivunjika. Kampuni ikaja, ikaangalia fomu, ikaangalia abiria, ikafunga faili. Na kusema kweli, haikukosea, maana sahihi iliyokuwa kwenye fomu ni ya ba'mkubwa mwenyewe. Kiwanja cha Nkuhungu kikauzwa kulipa matibabu ya watu. Ndiyo maana mpaka leo wanangu hawa, namaanisha binamu zenu wasomaji, hawana nyumba ya kurithi upande ule.

"Andika kweli," akasema mama mkubwa. Halafu akauliza kitu ambacho sisi wanaume watatu, pamoja na kidato cha nne changu, hatukukiwaza. "Mmeongea habari za plastiki na injini tangu saa kumi. Na wajukuu wangu je? Wakidondoka majini, hiyo karatasi inasemaje?"

Kesho yake nikarudi kwa broka na swali la mama mkubwa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba bima ya madhara kwa wengine inalipa pale ambapo sheria inakuona una makosa. Kama hakuna wa kulaumiwa, upepo tu umeamka, mtu aliyeumia anaweza asipate kitu. Dawa yake ni kuongeza bima ya ajali kwa waliomo ndani, inayolipa bila kuuliza kosa la nani. Nayo inataja idadi. Ukiandika sita, ni sita.

Habari ya idadi, Watanzania hatuhitaji kufundishwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walizidi 200. Hakuna hundi inayomrudisha mtu, na ndiyo sababu yule mama alitaka kwanza kujua kama tuna jaketi okozi sita na kama boti imekaguliwa na TASAC, ndipo azungumze bei.

Bei yenyewe? Laki nne na sitini kwa mwaka: thamani kamili, Mtera, matumizi ya familia tu, madhara kwa wengine, na ajali kwa watu sita. Mara tatu ya ile ya tai nyekundu! Ba'mkubwa aliguna. Fedha zilizobaki alikuwa kaziweka kununua redio kubwa ya kufunga kwenye boti. Redio imekufa, jaketi zimenunuliwa. Dogo naye kanuna wiki nzima, maana pesa za washikaji anazirudisha kwa kubeba matofali.

Jumapili tulikwenda. Asubuhi Mtera imetulia kama kioo, wajukuu wamevaa jaketi za rangi ya machungwa, mama mkubwa kashika ukingo kwa mikono miwili na hataki kuachia. Tuliporudi ufukweni tukakuta vijana wanne wanasubiri, noti mkononi. "Mzee, mzunguko mmoja tu, tunalipa."

Ba'mkubwa aliziangalia zile noti. Tena siyo kidogo. Kisha akasema, "Wanangu, samahani. Bima yangu haiwajui."

Msomaji wangu, iwe boti, pikipiki au duka lako la nguo pale Majengo, usiulize bima ya bei gani kabla hujaulizwa unafanya nini na chombo chako. Ukijibu uongo, unalipia karatasi. Ukikabidhiwa stika, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Wenyewe makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma. Na kampuni ikikuzungusha kwenye fidia, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009. Usikae unalia nyumbani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na yule jirani aliyeuliza gharika, juzi kaja kuuliza kama jaketi moja linaweza kumtosha!