Moyo wa Mkulima wa Mpanda Nao ni Moyo

Wapo waungwana mijini ambao kila wasikiapo habari za tiba ya umeme wa moyo husema kwamba hiyo ni anasa ya wakubwa, na kwamba mtu wa Mpanda anahitaji dawa ya malaria tu. Hiyo ni kasumba. Tena ni kasumba ya hatari, kwani hujifanya kumhurumia mnyonge huku ikimnyang'anya haki yake.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme wake wenyewe. Wako watu waliozaliwa na njia ya ziada ya umeme huo. Ghafla mapigo hupanda hadi 180 au hata 200 kwa dakika, kizunguzungu humshika mtu, naye huanguka katikati ya matuta ya tumbaku. Jirani mmoja atasema ni jini, mwingine atasema ni presha. Kumbe tiba ipo. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo. Mtambo huchora ramani ya moyo katika kioo na kuonyesha ncha ya mrija ilipo. Kisha joto la mawimbi ya redio huunguza sehemu ya milimeta chache inayopotosha umeme. Kwa wengi wenye kasoro hiyo, huo ndio mwisho wa ugonjwa na wa vidonge. Tiba hiyo inatolewa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya kwamba hospitali kubwa ya mjini ikijengwa kwa mkopo, mlipaji ni mkulima ambaye mazao yake huuzwa nje, ingawa mfaidi mkubwa ni mtu wa mjini. Onyo hilo halikupinga hospitali. Lilidai deni la mkulima likumbukwe. Tumbaku ya Mishamo na Inyonga huleta fedha za kigeni. Mkoa wa Katavi, wenye watu zaidi ya milioni 1.1 kwa sensa ya mwaka 2022, hauombi sadaka.

Ugonjwa huu una tabia ya mwizi: mgonjwa akifika zahanati, mara nyingi mapigo yamekwisha kutulia, naye huambiwa ni mzima. Asipopimwa umeme wa moyo wakati moyo unakwenda mbio, ushahidi unaweza kupotea. Kipimo hicho ni mashine ndogo ya kubebwa mkononi, na karatasi yake yaweza kupigwa picha kwa simu ikamfikia bingwa siku hiyo hiyo. Basi lawama ziwaendee watendaji wapendao kupigwa picha kando ya mtambo mkubwa, lakini hawaulizi kama kituo cha afya kina mashine hiyo ndogo, na mganga aliyefunzwa kuisoma. (Karatasi zake nazo huisha, hilo halina sherehe.)

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wapangao mafao wasiifute tiba hii kwa kisingizio cha gharama. Tena wakumbuke kwamba kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000 za reli. Mgonjwa apandaye treni hiyo anastahili kuwa na karatasi ya kipimo mkononi, tarehe ya kuonana na daktari, na waranti ya safari yake na ya ndugu anayemsindikiza.